Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda Njiro: gari la CD halichomwi, linaandikwa

Marahaba wajukuu zangu. Najua mngeniamkia kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze muda.

Ile video ya juzi, ya mwenzenu wa bodaboda aliyegongwa na gari la CD, yaani lenye namba za kidiplomasia, imenifikia, tena sio mara moja, mpaka kwenye grupu la kwaya wameitupia, na nimeiangalia mpaka pale mwishoni ambapo mmoja wenu anaonekana kashika chupa ya petroli anasema huyu ana kinga, polisi watamwachia, tumalizane naye hapahapa. Mwenzenu yuko chini kashika mguu, pikipiki yenyewe ya mkataba, rimu imepinda, na tajiri yake kesho anataka hesabu kama kawaida. Hasira naielewa kabisa, nisingeielewa ningekuwa jiwe. Ila hayo maneno ya huyo wa petroli ndo yamenikalisha kuandika, maana nimefanya ukarani wa mahakama mpaka nimestaafu na nimeona watu wengi wanapoteza haki yao sio kwa sababu sheria imewanyima, ni kwa sababu waliamini sheria ya kijiweni.

Kinga anayo, ndiyo, kama kweli ni mwanadiplomasia. Lakini sio mali yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, na sheria yetu wenyewe ya 1986 ambayo ni Sura ya 356, vinasema mwanadiplomasia hakamatwi, hawekwi mahabusu, hashtakiwi kwa jinai kwenye mahakama za hapa. Watu wakifika hapo wanafunga kitabu. Endeleeni kusoma jamani! Kifungu cha 41 cha mkataba huohuo kinamtaka aheshimu sheria za nchi aliyopo, cha 31 kinasema kinga ya huku haimkingi na mahakama za kwao, na cha 32 kinasema nchi iliyomtuma inaweza kumwondolea hiyo kinga. Nchi, sio yeye. Hata utangulizi wake umeandikwa wazi kwamba lengo sio kumnufaisha mtu binafsi bali kazi ya ubalozi ifanyike. Ni kama sare ya kampuni, unatamba nayo mtaani lakini mwenye kampuni akisema ivue, unaivua.

Na msiseme basi ifutwe tu. Sisi nasi tuna watu wetu huko nje, wengine kwenye nchi ambazo serikali ikiamka vibaya inakamata mtu kwa kumwonea. Tehran kuanzia 1979 Wamarekani 52 walishikiliwa siku 444, na walikuwa watu wa ubalozi. Kinga iliwekwa kwa ajili ya mambo kama hayo, sio kwa ajili ya mtu aliyetoka baa saa nne usiku.

Sasa tuje Arusha yetu. Balozi zenyewe ziko Dar, huku wanakuja kwenda Ngorongoro na Serengeti wanarudi. Tulio nao hapa mwaka mzima ni watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa Mahakama ya Afrika, wa ile taasisi ya Umoja wa Mataifa pale Lakilaki iliyorithi ile mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mashirika mengine. Kila taasisi ina makubaliano yake na serikali na ndani yake kuna madaraja. Kwa Umoja wa Mataifa kwa mfano, majaji na wakubwa wa juu wanapewa kinga ya kibalozi, ila mfanyakazi wa kawaida kinga yake ni ya kazi, yaani alichosema, alichoandika na alichofanya akiwa kazini. Mkataba wao wa 1946 unasema tena kwamba Katibu Mkuu ana haki NA WAJIBU wa kuiondoa kinga pale inapozuia haki kutendeka na kuondolewa kwake hakuwezi kuathiri shirika. Kwa hiyo mtu wa shirika akigonga mtu Jumamosi usiku akitoka kwenye nyama choma, hilo ni swali la kuuliza kwa maandishi, sio la kujijibu wenyewe kijiweni kwamba haguswi.

Halafu mnachanganya namba. Gari la DFP ni la mradi wa wafadhili, hilo halimpi mtu kinga yoyote, nimeshasikia watu wanaliogopa kama la rais. Na dereva Mtanzania anayeendesha gari la ubalozi hana kinga ya kidiplomasia hata robo. Gari la ubalozi halipekuliwi wala halikamatwi, ndio, lakini yeye anapanda kizimbani kama mimi na wewe. Nyie madereva mnaosoma hapa mnaojitanua barabara ya Moshi kwa sababu ya ile sahani ya namba, mmesikia.

Trafiki naye anaruhusiwa kusimamisha gari, kuomba kitambulisho kinachotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, kupima eneo, kuchora ramani ya ajali na kuandika kila kitu. Asichoruhusiwa ni kumsweka ndani mwenye kinga. Hiyo kazi ya kuandika ndo yenye thamani kuliko pingu, na ndo ambayo juzi mliizuia, maana trafiki alipofika alikuta watu zaidi ya hamsini wamezingira gari, kioo kimeshavunjwa, pikipiki imeshasogezwa, sasa angepima nini? Mngelichoma lile gari mngekuwa mmemsaidia huyohuyo aliyegonga. Serikali yetu ina wajibu wa kumlinda yule mtu, kwa hiyo siku inayofuata mlalamikaji angekuwa yeye, washtakiwa nyie, kuharibu mali, na mguu wa mwenzenu usingezungumzwa tena na mtu yeyote.

Niwape habari za Harry Dunn. Kijana wa miaka 19, wa pikipiki kama nyie, Uingereza, Agosti 2019. Aligongwa na kufa nje ya kambi ya RAF Croughton na gari lililokuwa upande usio wake wa barabara, likiendeshwa na mke wa mfanyakazi wa serikali ya Marekani. Mama huyo akaondoka nchini ndani ya wiki chache, Marekani ikasema ana kinga, Uingereza ikaomba arudishwe ikakataliwa. Wazazi hawakuchoma kitu. Walikusanya makaratasi, wakasumbua wanasheria, wabunge, waandishi wa habari, walifika mpaka Ikulu ya Marekani. 2020 nchi hizo mbili zikabadilisha makubaliano yaliyokuwa yameacha huo mwanya kwa familia za wafanyakazi wa kambi ile, na 2022 yule mama akakiri kosa mbele ya mahakama ya London kwa njia ya video. Alipewa kifungo cha nje cha miezi minane, na kwangu mimi ni kidogo mno kwa roho ya mtoto wa watu. Lakini alitiwa hatiani, na kinga ilitajwa tangu siku ya kwanza.

Kuna na Washington, Januari 1997, mwanadiplomasia wa Georgia (nchi ile ya Ulaya mashariki, sio jimbo la Marekani) aliendesha amelewa akasababisha ajali ya magari kadhaa, binti wa miaka 16 akafa. Serikali yake ilimvua kinga, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 hadi 21. Na jirani hapo Nairobi, 2012 kaimu balozi wa Venezuela aliuawa ndani ya makazi yake, Venezuela ikaondoa kinga ya ofisa wake aliyeshukiwa, kesi ikaburuzwa miaka zaidi ya kumi na 2023 Mahakama Kuu ikamtia hatiani.

Upande wa pili nisiwafiche. Nairobi hiyohiyo 2013 mfanyakazi wa ubalozi wa Marekani aligongana na matatu, mtu akafa, na yeye na familia yake wakaondolewa Kenya haraka. Inatokea. Serikali ikichoka inaweza kumwambia mtu hatakiwi nchini aondoke, hiyo nguvu tunayo na tumeshaitumia, Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani kwa tuhuma za hujuma, mmoja wao Frank Carlucci ambaye baadaye akaja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, na wao wakajibu kwa kumfukuza wa kwetu. Magazeti yanafurahi, ila kufukuzwa hakulipi bili ya hospitali. Mimi ningekuwa mzazi wa yule kijana nisingeshangilia mtu kupandishwa ndege, ningetaka abaki hapa mpaka karatasi ziishe.

Tuje kwenye karatasi basi, hapa ndo nimekasirika kweli. Nimeletewa picha ya kile kijikaratasi ambacho mwenzenu aliyegongwa aliwekeshwa dole gumba akiwa kitandani. Kimekatwa kwenye daftari la shule, mistari mitatu, "nimepokea shilingi laki mbili, sina madai yoyote sasa wala baadaye", tarehe hakuna, jina la aliyetoa hela hakuna, shahidi ni mtu aliyeandika jina moja tu la kwanza. Laki mbili! Mguu wenye chuma ndani! Mapatano sio dhambi, nimeona mengi mazuri yakiandikwa mbele ya mwanasheria, lakini hupatani kabla daktari hajasema utatembea lini. Na kesi ya jinai ni ya Jamhuri, sio ya kwako uiuze, kwa hiyo hiyo karatasi haimfungi polisi mkono hata kidogo. Aliyeileta alikuwa anajua hilo, ndo maana alikuja usiku.

Bima nayo mmeisahau. Gari haliruhusiwi barabarani bila angalau bima ndogo, na kampuni ya bima sio balozi. Peleka dai. Aliyegonga akiwa ni konseli, yaani wa ubalozi mdogo, mkataba wa 1963 umesema kabisa kinga yake haizuii kesi ya madai ya mtu wa tatu aliyeumizwa na gari lake. Akiwa wa shirika la Umoja wa Mataifa, lile shirika linatakiwa liwe na njia ya kumaliza madai ya namna hiyo. Mnaona tofauti ya kujua mtu ni nani? Nyie mpaka leo hamjui, mnasema tu "yule mzungu wa CD", na wengine wanasema hakuwa mzungu.

Binti zangu mnaofanya kazi kwenye hizo nyumba zenye geti kubwa, najua mnasoma, mistari michache ni yenu. Kifungu cha 33 cha ule mkataba wa Vienna kinamtaka mwanadiplomasia aliyeajiri mtu wa hapa afuate sheria za hifadhi ya jamii za nchi hii, kwa hiyo NSSF sio hisani ya bosi. Kitambulisho chako na pasipoti zikae kwako. Mshahara uandikwe. 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kumtumikisha mfanyakazi wa ndani kwa mtindo wa utumwa wa kisasa kunaweza kuhesabika kama shughuli ya kibiashara ya mwanadiplomasia mwenyewe, na hapo kinga haimwokoi kwenye madai. Hukumu ya Uingereza haiifungi mahakama yetu lakini wakili mzuri ataibeba. Na tusijifanye watakatifu, 2008 mahakama ya Washington iliamuru mwanadiplomasia wa Tanzania alipe zaidi ya dola milioni moja kwa binti wa Kitanzania aliyekuwa anamfanyisha kazi nyumbani kwake. Wa kwetu huyo.

Nimalizie ya mgonjwa. Nani ana RB ya kituoni, ile namba ya taarifa ya polisi? Kama haipo kesho asubuhi mtu aende, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatwe kama haikuchukuliwa siku ile, hospitali wana kumbukumbu ya alivyopokelewa. Namba ya gari nataka yote, sio "CD na kitu kama saba". Video zile ambazo hazina matusi zihifadhiwe kama zilivyo bila kuwekewa muziki, na mwenye simu iliyorekodi asiiuze. Yule mama wa mahindi ya kuchoma kwenye kona aliona tangu mwanzo, kaongeeni naye kwa adabu kama yuko tayari kuandikisha maelezo. Aliyevunja kioo naye akajisalimishe mwenyewe na mwenyekiti wa kijiwe kabla hajafuatwa, atalipa kioo, kioo kina bei.

Barua nitaiandika mimi. Inaenda kwa mkuu wa kituo, nakala Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, nakala kwa ubalozi au shirika lenye gari tukishalijua, tunaomba mambo mawili: mhusika asiondoke kabla ya maelezo yake kuchukuliwa, na mwajiri wake aseme kwa maandishi kama anashikilia kinga au anaiondoa. Zile laki mbili zisitumike, mpeni mwekahazina wenu azitunze na aandike namba za noti. Nawasubiri Jumapili baada ya ibada ya pili, njooni watatu tu, sio kijiwe kizima, sina viti.

Bibi yenu, karani mstaafu, Njiro