Kabla ya Kupandisha Kifurushi cha Intaneti, Pima Kwanza kwa Waya

Wateja wengi wanaotupigia simu huwa wameshaamua: intaneti ya nyumbani inasuasua, kwa hiyo wanataka kupandishiwa kifurushi. Kuwapandishia ni kazi ya dakika chache. Lakini hatupendi kufanya hivyo kabla ya kupima, kwa sababu mara nyingi kasi wanayoilipia inafika salama mpaka kwenye ruta, kisha inapotelea humo humo ndani ya nyumba. Ukipandisha kifurushi katika hali hiyo, kinachopanda ni bili peke yake.

Kupima kwenyewe hakuhitaji fundi. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima Wi-Fi ya laptopu, zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) kama unaitumia, waombe wenzako nyumbani waache kupakua vitu kwa muda, kisha fungua tovuti ya kupima kasi. Andika namba unayopata. Pima tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati majirani nao wako kwenye video. Halafu chomoa waya, washa Wi-Fi, pima ukiwa chumba kimoja na ruta, na mwisho pima ukiwa palepale mnapolalamikia.

Kasi ya waya ikiwa ndogo mchana na usiku, tatizo huenda liko kwenye laini au kwa mtoa huduma; mpigie ukiwa na namba hizo mkononi. Ikiwa nzuri mchana na kuporomoka usiku tu, hiyo kwa kawaida ni foleni ya upande wake, na ruta mpya haitakusaidia. Kwa waya iko sawa lakini chumbani ni mbovu? Hapo shida ni Wi-Fi yako.

Usishtuke ukiona faili linashuka taratibu kuliko namba ya kifurushi. Vifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 100 kikifanya kazi kikamilifu kitakuonyesha megabaiti 12.5 kwa sekunde, au pungufu kidogo. Hujapunjwa.

Kuna namba moja ambayo tukiiona tunajua pa kuanzia: 94. Mteja analipia megabiti 300, anapima kwa waya, asubuhi 94, usiku 94. Laini mbovu au foleni haitoi namba iliyotulia hivyo. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Ili kupitisha gigabiti 1, yaani megabiti 1,000, zote nane lazima ziwe nzima. Jozi moja ikikatika, ruta na laptopu huweza kukubaliana kimya kimya kushuka hadi megabiti 100, na ukiondoa sehemu inayotumika kuendesha usafirishaji wenyewe, unabaki na hizo 94. Kwa hiyo tunaanza na kichwa cha waya: kile kidude cha plastiki cha kushikilia kimevunjika, au uzi wa bluu au wa kahawia umechomoka kwenye pini yake, au waya umebanwa na mguu wa meza. Waya mpya wa daraja la Cat5e (huandikwa kwenye ganda lake) unatosha kupitisha gigabiti 1 hadi mita 100. Ila kagua pia matundu ya ruta na ya laptopu, kwani ya vifaa vingi vya zamani huishia megabiti 100, na hapo kubadilisha waya ni kupoteza hela.

Upande wa Wi-Fi, kosa tunalokutana nalo zaidi ni mahali pa ruta. Watu huiacha pale laini inapoingilia: sakafuni, nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati ili isionekane. Chuma, vioo vikubwa na matangi ya maji huzuia mawimbi. Itoe, iweke juu na wazi, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Kisha angalia simu yako iko kwenye bendi gani, yaani masafa gani ya Wi-Fi. Ile ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na unazigombania na ruta za majirani. Hata maikrowevu huivuruga inapowaka. Ya gigahezi 5 ina nafasi na kasi kubwa, ila kuta huimaliza upesi. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia ya 5.

Tunasita kuuza vile vikuza mawimbi vya bei ndogo. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua hadi karibu nusu, na watu huvichomeka kwenye chumba ambacho tayari hakina mawimbi ya kupokea. Ukishakinunua, kiweke katikati ya njia. Kama unaweza kuvuta waya hadi upande wa pili wa nyumba na kuweka kirushio cha pili cha Wi-Fi huko, fanya hivyo. Ni kazi zaidi, lakini matokeo yake hayalingani kabisa.

Wapo ambao kipimo kinaonyesha kasi nzuri, lakini simu za video zinakatika. Mara nyingi ni kasi ya kupakia, ambayo kwenye vifurushi vingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Simu ya mtu ikianza kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, foleni hujaa na sauti yako husubiri nyuma yake. Panga upakiaji huo ufanyike usiku wa manane, au ingia kwenye mipangilio ya ruta uuwekee kikomo.

Sasa, kifurushi kikubwa kinahitajika lini? Video ya 4K hutumia kama megabiti 15 hadi 25, na ya HD kama 5. Jumlisha vinavyowaka kwa wakati mmoja kwenu. Jumla ikizidi kile ulichopima kwa waya, na waya wenyewe ni mzima, tupigie. Tutakupandishia siku hiyohiyo. Na kama laini yako bado ni ya shaba na uko mbali na kituo cha mtoa huduma, tuulize kwanza kuhusu faiba (laini ya nyuzi za kioo), maana kwenye shaba kasi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, na hakuna kifurushi kinachorekebisha hilo.