Rimu za dhahabu na maji ya chumvi

Ngamiani, Tanga
Ijumaa jioni

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, na uzifikishe kwa shemeji na watoto wote huko Pangani. Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako niliupata juzi, nikaona jibu lake si la kuandika kwenye simu kwa maneno mawili, maana hilo uliloniuliza limeshanigharimu mimi na sitaki likugharimu na wewe.

Unasema unataka kuzigeuza rimu za pikipiki yako ziwe za rangi ya dhahabu, na fundi wa hapo amekwambia makopo matatu ya rangi ya kupuliza yanatosha. Kaka, nakuomba usikubali. Mimi nilikubali mwaka juzi. Siku ya kwanza ziling'aa mpaka watu wa kijiweni wakawa wananisimamisha. Haukupita mwezi nikapata pancha. Fundi pancha alipoingiza chuma cha kubandulia tairi, rangi ilitoka utepe mzima, kama ganda la kitunguu. Petroli nayo ikidondoka, pale pale rangi inalainika na kushika vidole.

Lakini hayo ni madogo. Baada ya masika niliona vipele kwenye rimu ya nyuma, kila kimoja kama punje ya mtama. Nikakibandua kimoja kwa ukucha. Chini yake mlikuwa na unga mweupe, na nilipoupangusa nikakuta kishimo kwenye alumini yenyewe. Alumini haitoi kutu nyekundu ikakushtua. Chumvi ikipata mkwaruzo mmoja tu inaingia, halafu inatambaa chini ya rangi huku juu kunang'aa bado. Sasa fikiria wewe, unayebeba ndoo za samaki kila alfajiri, barafu inayeyuka na yale maji yanachuruzikia rimu ya nyuma njia nzima. Kabla hujawaza dhahabu au fedha, waza hayo maji.

Ningekuwa wewe ningepaka rangi ya unga, ile wanayopakia fremu za madirisha ya alumini. Haina tina ndani yake. Unga unapulizwa ukiwa umetiwa chaji ya umeme, unajishikiza kwenye rimu, kisha rimu inaingia kwenye oveni ya nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika kumi mpaka ishirini, unga unayeyuka na kuwa ngozi moja. Unene wake ni kama unywele, mikroni 60 hadi 80 hivi, lakini jiwe la changarawe likiugonga haubanduki ovyo. Rimu zangu hizi za sasa nilizituma Dar kwa basi, kwenye karakana ya madirisha, na masika mawili yamepita juu yake.

Ukifika kwa mwenye oveni, muulize unga wake ni wa aina gani. Wa epoksi unazuia kutu vizuri sana, ila jua linaufanya upauke na kutoa vumbi kama chaki. Wa poliesta unastahimili jua. Kwa pwani yetu mwambie atangulize epoksi kama praima, yaani rangi ya chini, juu yake poliesta, na kwa hiyo dhahabu yako yenye chembe za kumeta, amalizie na unga mwangavu. Mwambie pia aichome rimu kwenye oveni ikiwa tupu kabla ya kupaka. Rimu hizi ni za kumiminwa, zina vitundu vidogo vyenye hewa, na hewa hiyo ikitoka wakati rangi inayeyuka inaacha matundu kama ya sindano. Chumvi haihitaji mlango mkubwa kuliko huo. Na ukienda kuzichukua, chungulia kona za ndani, pale mikono ya rimu inapokutana na kitovu, kwa sababu unga wenye chaji hauingii kwa urahisi kwenye kona na hapo ndipo huwa mwembamba.

Kama nauli ya Dar inakushinda sasa hivi, njia ya pili ni rangi ya magari, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, juu ya praima ya epoksi. Hiyo nayo naiamini. Haiyeyuki kwa petroli kama ya kopo. Ila hadina yake ni sumu ya mapafu, kitambaa puani hakisaidii kitu, kwa hiyo apulize fundi mwenye barakoa ya vichujio na watoto wakae mbali. Ikikauka jioni usidhani imekomaa, ipe wiki nzima kabla ya kurudisha tairi.

Kung'arisha kwa kromu usijaribu. Pale inapopasuka, chumvi inaingia na kuibandua vipande vyenye makali.

Kuna jambo lingine linanitia hofu kuliko rangi. Vua kila kitu: tairi, beringi, sili, diski ya breki, hata zile raba za kitovu cha nyuma. Grisi na raba haviwezi nyuzi 200. Halafu mahali beringi inapokaa na uso ambao diski inalalia pafunikwe, pasiguswe na rangi hata tone. Mara ile ya kwanza rangi yangu iliingia chini ya diski. Diski ikakaa upande, nikawa nikifunga breki mkono wa breki unacheza vidoleni, tuk, tuk, tuk, na baada ya siku chache nikakuta bolti mbili zimelegea, kwa sababu ule ute wa rangi ulikuwa unabonyea chini yake. Nilikuwa nimempakia mwanangu siku hiyo. Sijasahau.

Rangi ya zamani itolewe kwa dawa ya kubandulia au kwa mchanga laini wa mashine. Akitokea mtu wa kukwambia uchemshe rimu kwenye kostiki ya wapika sabuni, mkatalie, kostiki inaila alumini yenyewe. Na rimu ikishakuwa tupu, ibebe juani uikague pole pole, hasa kwenye mizizi ya mikono na ukingoni. Ukiona ufa hata mwembamba kama uzi, hiyo rimu haipakwi tena, wala hauzibwi kwa fila. Tafuta nyingine. Rangi nzito ingeuficha ufa huo mpaka siku utakapokuwa na mzigo kwenye mteremko.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila ukishusha samaki, mwaga maji baridi, yasiyo na chumvi, rimu nzima, na mafuta ya breki yakidondoka osha papo hapo. Ukiona kovu la jiwe, lisafishe, likauke, ulizibe kwa brashi ndogo siku hiyo hiyo.

Usimjibu fundi wako kabla hatujaonana. Jumapili nakuja na spana na chuma cha kutolea beringi, tuzivue pamoja hapo uani, na za nyuma tuzikague kwanza. Waambie watoto nawaletea machungwa ya Muheza.

Ni mimi swahibu wako