Barua kwa mwanangu Rukia: saini ile ni ya nani?

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, presha yake imetulia tangu daktari ambadilishie dawa. Nilikupigia jana baada ya magharibi, simu haikushika. Ama ulikuwa angani ama ulikuwa mkutanoni, na siku hizi sijui kati ya hayo mawili ni lipi linalonikosesha usingizi zaidi.

Hafswa amenionyesha kwenye simu yake ilani yenu ya mgomo wa marubani. Imepigwa picha upogoupogo na chini imekatika. Nimevaa miwani nikaisoma yote. Siku 7 zimetajwa, madai yamepangwa vizuri, jina la kampuni liko juu. Pale pa saini ndipo picha ilipokatwa. Umebaki mkia tu wa kalamu, umeshuka chini kisha ukapinda kushoto. Mkia ule naujua. Ndio uliokuwa kwenye kila fomu ya mkopo tuliyojaza pamoja kule benki. Nakuuliza, na nataka jibu lililonyooka: umetia saini wewe?

Usinijibu kwamba kamati nzima imekubaliana. Najua kamati zinavyokubaliana.

Haki ya kugoma mnayo, imeandikwa kwenye Katiba, kifungu cha 41, na mimi siyo mzee wa kuipinga. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo ina mlango wake wa kuingilia. Mzozo uende kwanza kwa mpatanishi. Mpatanishi akishindwa, ndipo itolewe ilani ya maandishi ya siku 7, kwa mwajiri na kwa Waziri, na mwenye kuitoa ni mwakilishi aliyeidhinishwa na chama. Chama, Rukia. Katibu wa chama ana ofisi, ana wakili, ana muhuri, na analipwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuweka jina lake mahali panapoungua. Wewe ni rubani msaidizi uliyechaguliwa kukaa mezani na kuzungumza. Ikiwa aliyetia saini siye anayestahili, wakili wa kampuni hana haja ya kubishana nanyi juu ya posho wala mapumziko. Ataikimbiza karatasi kortini asubuhi, na mgomo wenu utahesabiwa hauna ulinzi wa sheria. Mgomo ukiwa na ulinzi, hawawezi kumfukuza mtu kwa kushiriki, ingawa mshahara wa siku hizo hamna. Usipokuwa na ulinzi, mtu amevunja mkataba wake wa ajira, na nidhamu inaanzia kwa yule ambaye jina lake linasomeka.

Najua utasema baba anaanza tena. Ndiyo, naanza tena.

Na mtu akiwaambia kwamba amri ya korti ni karatasi tu, mkumbusheni ya 2022. Wenzenu wa Kenya Airways walikuwa na dai ambalo mimi naliona la haki: michango ya hazina ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa Korona irudishwe. Mahakama ikausimamisha mgomo tarehe 31 Oktoba. Tarehe 5 Novemba wakagoma. Abiria zaidi ya elfu kumi wakakwama, kampuni ikasema inapoteza shilingi milioni 300 kwa siku, kisha ikatangaza kujiondoa kwenye makubaliano ya kukitambua chama chao. Jaji Anna Mwaure akawaamuru wawe kazini saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, wakarudi. Dai lilikuwa la haki, lakini huku barazani hakuna aliyekuwa akizungumza habari ya hazina tena. Watu walizungumza amri iliyovunjwa. Ndivyo dai zuri linavyopotea.

Na wale ni shirika la taifa, serikali yenyewe ina hisa pale, waziri hawezi kulala. Nyinyi mko wangapi? Mkutano wenu mzima unaenea kwenye matatu mbili. Kampuni ikitaka inakodi ndege pamoja na marubani wake kutoka nje, inafungua tiketi kama kawaida, na abiria wa Kisumu hatajua nani yuko mbele. Kwa hiyo nguvu yenu siyo idadi. Nguvu yenu ni karatasi zisizo na kasoro.

Hadithi ya babu yako ya mgomo wa 1947 unaijua, sitairudia. Ila kuna kipande ambacho yeye mwenyewe hakupenda kukisimulia. Januari ile Mombasa yote ilisimama, bandari, reli, mahoteli, maelfu ya watu. Nyongeza ikapatikana kupitia baraza la Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Kenyatta kule Kapenguria. Watu wakarudi kazini. Chege Kibachia, ambaye jina lake ndilo lililokuwa mbele, akakamatwa mwezi wa Agosti na kupelekwa kizuizini Baringo. Nyongeza walikula wote.

Kazini kwetu bandarini pia kuliwahi kupita barua. Wewe ulikuwa hujaanza chuoni. Ilihusu posho ya zamu ya usiku. Ilizunguka shedini mkono kwa mkono, ikamfikia Mzee Athmani, akaweka juu ya gunia la kahawa akatia saini, ikaendelea. Kuna waliosema wataitia kesho, kalamu zao hazina wino. Kesho yake barua ilikuwa mezani kwa meneja na saini zilikuwa tatu. Posho ilikuja baadaye, tukaipokea. Mzee Athmani hakuwepo kuipokea. Ule mfuko wa sukari na mchele uliokuwa ukiupeleka kwa mkewe kila Idi, ukiuliza kwa nini yeye na siyo jirani, na mamako anakwambia nenda tu, sasa umejua ulikuwa wa nini.

Basi usidhani nakukataza. Niliposikia kwamba makepteni wenye mvi wamekuchagua wewe uwasemee, nilitoka nikakaa barazani mapema ili watu wanisalimie. Sikumwambia mtu, lakini kila aliyeuliza alijibiwa kwa kirefu. Kilichoniuma ni kwamba nililisikia kwa muuza kahawa kabla ya kulisikia kwako. Mtoto wa karani wa bandari anachaguliwa kuzungumza na wakurugenzi, na baba yake anaambiwa na mtu mwenye dele mkononi! Haya, yamepita.

Madai yenu nimeyapenda, isipokuwa mpangilio. La mapumziko liwe la kwanza, lisishuke hata mkitishwa. Mtu anayeripoti saa kumi alfajiri, akaruka na kutua siku nzima, hawezi kupangiwa alfajiri ileile kesho yake kwa sababu mwenzake anaumwa. Hilo hata abiria analielewa, na mkisimama mbele ya watu mnataka dai ambalo abiria analielewa. La pili, ile posho inayolipwa kwa saa za ndege kuwa angani tu. Uliniambia mwenyewe jinsi mnavyokaa Lodwar chini ya bawa, jua limewaka, mnasubiri mteja aliyekodi amalize mkutano wake, na saa zote hizo kwenye hesabu ya mshahara ni sifuri. Liandikeni hivyo hivyo. Itajeni Lodwar. Msiandike maneno makubwa ya "mazingira bora ya kazi", maneno hayo meneja anayakubali yote kwa sababu hayamgharimu kitu.

Ile dhamana ya mafunzo, ya rubani kudaiwa gharama akiondoka mapema, msiikatae moja kwa moja, hapo mnakosea. Kampuni imelipa pesa nyingi ujue kuendesha ile ndege ya mapangaboi, haiwezi kukuacha uondoke mwezi wa pili uende Ghuba. Dai liwe kwamba deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, ili aliyebakiza miezi miwili asidaiwe sawa na aliyeingia jana. Hapo hata mhasibu wao atatikisa kichwa cha kukubali.

Sasa kuna jambo ambalo mamako aliniambia nisijifanye nalijua. Nalijua. Mwenyezi Mungu akufikishe salama. Lakini nimeisoma ilani yenu mara ya pili kwa ajili hiyo, na sikuona mstari hata mmoja juu ya rubani mwanamke mwenye mimba. Sheria ya Ajira inakupa miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili, sawa. Je, ile miezi kabla ya hapo, utakapotolewa angani kwa sababu ya hali yako, utalipwa nini? Mshahara wa msingi bila posho za kuruka ni kodi ya nyumba na umeme. Kwenye kamati mko wanaume saba na wewe. Kama wewe hukulisema, nani angelisema? Au uliona haya kwa sababu lingeonekana ni lako? Ndivyo lilivyo, ni lako, lisemee. Wengine nyuma yako watalikuta limeshaandikwa.

Na mkishakubaliana, msishangilie kwa picha za kupeana mikono. Mkataba wa pamoja usiposajiliwa Mahakama ya Ajira ni barua ya mapenzi. Hakikisheni umepelekwa, umesajiliwa, kila mmoja ana nakala.

Turudi kwenye saini. Nimelifikiria usiku kucha na naona njia. Kama ni yako, na ilani haijagongwa muhuri wa kupokelewa wizarani, iondoeni. Katibu wa chama atie saini yake, ipelekwe upya kwa kampuni na kwa Waziri, mchukue nakala zilizogongwa, siku 7 zianze kuhesabiwa upya. Wiki moja haiwaui. Watakaosema mnaonekana waoga ni wale wasio na jina popote kwenye karatasi hiyo, waangalie vizuri. Kama imeshagongwa, mtafute wakili wa chama leo, siyo kesho, umwambie ukweli wote. Na ukiitwa ofisini kwa mazungumzo ya pembeni, hata na yule bosi unayesema ni mtu mzuri, usiende peke yako. Muombe akuandikie anataka kuzungumzia nini.

Hati ya kiwanja cha Mtongwe bado iko benki kwa ajili ya ule mkopo, unajua. Mamako alitaka nisiitaje kwenye barua hii, na mimi nilikubali, kisha nimeitaja. Haikuwekwa pale ili uogope kufungua mdomo kazini. Tuliiweka uruke. Lakini ukweli ni kwamba kila mwezi unapokatwa wewe, nalala vizuri mimi, na sitaki kukudanganya kwamba hilo halimo katika haya ninayoyaandika.

Mengine ya nyumbani ni ya kawaida. Mvua imeingia jikoni kupitia lile bati la upande wa mwembe, nimeweka sufuria. Embe zenyewe mwaka huu zina wadudu, msizitarajie. Hafswa amepata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, hawamlipi ila nauli, na ameshaanza kunieleza mimi namna meli inavyopakuliwa. Mumeo alinipigia wiki iliyopita, ana adabu, lakini anazungumza haraka kama mtu anayeogopa salio kuisha. Mwambie mimi ndiye niliyepigiwa, asinionee huruma.

Ile pampu ya kisima imeungua tena. Fundi anasema mota ya kuzungusha upya waya itadumu miezi michache tu, afadhali mpya. Mimi namjua, anauza mpya. Nimemwambia aizungushe upya. Usitume pesa ya pampu mpya, hata mamako akikuomba kwa siri, na atakuomba. Zishikilie hizo mpaka mjue mwisho wa mwezi utakuwaje. Maji tunachota kwa jirani, wanatupa bila kinyongo, na nimewaahidi kuwarekebishia lango lao Jumamosi, inshallah.

Nijibu kwa simu au kwa maandishi, vyovyote, lakini ujibu wewe, siyo kupitia Hafswa.

Wasalaam,
Babako