Farasi hajaangusha mti wa kizuizi hata mmoja, mbona hana utepe?

Swali hili huja kila baada ya maonyesho ya farasi, na safari hii lilikuja na hasira. Mteja alinipigia simu jioni akaniambia waziwazi kwamba nimemla pesa. Binti yake ameruka vizuizi vyote nane na hakuna mti ulioanguka, ilhali msichana ambaye farasi wake aligonga mti ukatikisika amepewa utepe wa nafasi ya pili. "Kocha, tumelipa miezi yote hii ya nini?"

Ana haki ya kuuliza, na jibu nililompa linawafaa wengi wanaoleta farasi kwetu kufundishwa hapa Karen, Nairobi.

Katika mashindano ya kuruka ya kawaida, miti iliyoanguka na saa ndiyo huamua. Haya yalikuwa ya hanta, ambapo hupimwa mwendo, mtindo na utulivu wa farasi, na hanta haamuliwi hivyo. Aina hii ilitoka Uingereza na Ireland, kwa watu waliofuata mbwa wa kuwinda mbweha mashambani kutwa nzima, wakivuka mitaro na nyua. Walitaka farasi mwenye mwendo laini, asiyeshtuka ovyo, anayeruka salama na kumrudisha mpandaji nyumbani mzima. Jaji wa leo bado anamtafuta farasi yule yule. Kwa utaratibu wa Uingereza, katika madaraja mengi jaji humpanda mwenyewe, kisha farasi huvuliwa tandiko na kutembezwa mbele yake ili aikague miguu na umbo. Kwa utaratibu wa Marekani, jaji huketi kando na kutoa alama hadi 100, akichora alama ndogo kwenye karatasi kwa kila kizuizi. Kote kuwili, farasi asiye na utulivu hana pa kujificha.

Tazama hesabu ya hatua. Hatua ya kanta, yaani mbio za taratibu, ya farasi mkubwa huhesabiwa kuwa futi 12. Ukiona vizuizi viwili vimeachana futi 72, jua ni hatua tano: futi 6 za kutua, futi 60 za kanta, futi 6 za kujiinua tena. Farasi wa huyo binti aliweka hatua sita badala ya tano kati ya vizuizi viwili vya mstari wa kwanza, kwa uvivu. Kwenye mstari wa pili mpandaji alimhimiza, akachapuka, akaweka tano ndefu, akaruka kutoka mbali magoti yakining'inia. Mti ulibaki juu kwa sababu farasi ni mrefu na kizuizi kilikuwa kifupi. Kwenye kona hakubadili mguu wa kuongoza (ule unaotangulia katika kanta), akapita mbele ya jaji miguu ya mbele ikienda huku na ya nyuma kule. Farasi aliyepata utepe wa pili alikunja magoti sawasawa kila mara, mgongo umejipinda kama upinde, na mwendo wake wa kizuizi cha kwanza ndio uliokuwa wa kizuizi cha mwisho pia. Aligusa mti kidogo kwa kwato la nyuma. Mguso kama huo si kosa kubwa kwa hanta. Ningekuwa mimi jaji, ningewapanga vivyo hivyo.

Sasa, uvivu ule ulitoka wapi? Mazoezini farasi huyo hakuwa hivyo. Nilipomuuliza saisi, mtunza farasi wetu, ndipo nikajua: alfajiri, kabla sijafika, familia ilimwamuru amzungushe farasi kwa kamba mpaka atoke povu, "atulie." Hii ndiyo njia ya mkato ninayopigana nayo kila msimu. Mzunguko mdogo wa kamba hukaza viungo na kano za miguu, na farasi anaingia uwanjani amechoka badala ya kutulia. Halafu mwili wake unazoea. Leo anachoka kwa dakika ishirini; baada ya miezi michache ana pumzi ya kuzunguka saa nzima na bado ana wazimu, maana mmemjenga kuwa mwanariadha. Mzee mmoja alikuja kwetu na farasi mzuri sana aliyekuwa akizungushwa namna hiyo kila siku. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele ilikuwa imevimba. Kano ikichanika hudai karibu mwaka kupona, na mwaka huo wote farasi anakula, anatunzwa, anaonwa na daktari, haingii uwanjani. Ada yetu ya mafunzo ingekuwa nafuu kwake mara kadhaa.

Wengine huomba sindano ya kutuliza. Hapa hapana. Ni marufuku mashindanoni, na farasi mwenye usingizi hapimi vizuri umbali wa kizuizi. Mtoto wako ndiye aliye juu yake.

Kuhusu bei. Wengi hununua farasi aliyestaafu mbio pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa kuwa ni wa bei nafuu, kisha wanataka aonyeshwe kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri baada ya wiki sita. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba hatamu zikikazwa aegemee lijamu, chuma cha mdomoni, na kuongeza kasi. Sisi tunamtaka afanye kinyume chake. Kwanza tunampumzisha malishoni, kisha anajifunza kutembea. Nasema kutembea kweli: hatua ndefu, hatamu zimelegea, matatu zikipiga honi barabarani. Baadaye troti, mwendo wa haraka kuliko kutembea, juu ya miti iliyolazwa chini, na kanta mwisho kabisa. Jike mmoja mwekundu alitukalia miezi mitano bila kuruka chochote. Mwenyewe alinung'unika kila akilipa. Leo jike huyo anabeba mtoto wa miaka kumi.

Ndani ya ada hiyo mna saisi wa kudumu, nyasi kavu ambazo kiangazi hupandisha bei bila huruma, fundi wa viatu kila baada ya wiki sita hivi, na uangalizi wa daktari. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika hatuiruki, kwa sababu baada ya mvua visubi wanaoueneza hujaa.

Mteja aliyenipigia simu amekubali tuanze upya na farasi wake. Kamba ya kuzungushia sasa iko ofisini kwangu, na saisi ameambiwa asiitoe bila idhini yangu. Anayetaka kuandikisha farasi kwa msimu ujao amlete sasa, akiwa na cheti chake cha chanjo. Siku ya kwanza tutamtazama akitembea akiongozwa kwa mkono bila tandiko, halafu tutakwambia muda anaohitaji. Muda huo haupunguzwi kwa kuongeza pesa.