Theluji ya mchoro ule isipakwe rangi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie mchoro wa kijiji cha milimani uliotundikwa katika ukumbi mmoja hapa Lamu, ambao mchoraji msafiri aliwaachia wenyeji wake kuwa shukrani. Nimesikia kwamba wasimamizi wa ukumbi wanatafuta mtu wa kuumalizia, kwa kuwa vilele vya mlima na mapaa ya nyumba ni meupe, nao wanadhani rangi ilimwishia njiani.

Haikumwishia. Huo ni mchoro wa rangi za maji, na katika kazi hiyo weupe haupakwi bali huachwa: rangi ni nyepesi, hupitisha mwanga, kwa hiyo mchoraji huizunguka theluji kwa buluu ya kivuli na kuiacha karatasi yenyewe ing'ae. Mafundi wetu wa milango hawatashangaa, maana achongaye ua hulipata kwa kuondoa mbao inayolizunguka. Mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner, aliyefika milima ya Uswisi kwa mara ya kwanza mwaka 1802, wakati mwingine aliikwaruza rangi iliyokwisha kukauka ili weupe wa karatasi urudi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukuta. Nilipoitwa kurekebisha fremu niliukuta mgongo wa mchoro una unyevu na madoa ya koga, kwani kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji, hasa wakati wa masika. Mbele yake kuna dirisha. Wekundu wa machweo juu ya majabali umefifia kote, isipokuwa ukanda mwembamba uliofunikwa na fremu, ambao ungali kama ulivyopakwa. Jua kula rangi za maji si habari mpya. Wanasayansi Russell na Abney walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo huko Uingereza mwaka 1888. Wala usifutwe kwa kitambaa chenye maji (nimeona mtu akikaribia kufanya hivyo), kwa sababu rangi hizo hushikwa na gundi ya mgunga, nayo huyeyuka tena ikilowa.

Uhamishiwe ukuta wa ndani usiopigwa na jua, uwekewe vipande vya mbao nyuma ili hewa ipite, na kadi nene itenganishe kioo na karatasi. Kazi hiyo nitaifanya bila malipo, mradi brashi isiletwe.

Fundi wa fremu,
Langoni, Lamu