Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro: tembo katengewa njia, baiskeli bado

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Mang'ula. Najua mezani kwako kuna migogoro ya wakulima na wafugaji, mafuriko na uhaba wa madarasa, kwa hiyo nitasema haja yangu mapema. Naomba njia za baiskeli kati ya Milima ya Udzungwa na Bonde la Kilombero ziingizwe kwenye ajenda ya Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni wewe. Siombi tujengewe kitu kipya. Njia zipo na zinakanyagwa kila siku, tunataka zitambuliwe.

Umepita huku, lakini kwa gari, na vioo vimefungwa. Niruhusu nikupitishe tena kwa mwendo wetu. Ukishuka kutoka Mikumi, ukafika Kidatu na kuvuka daraja la Ruaha Mkuu, mlima unashika mkono wako wa kulia na hauuachi mpaka unapokaribia Ifakara. Msitu unaanzia nyuma ya nyumba za watu, kwenye mwinuko wa mita kama 250 hivi, unapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Sehemu zenye msitu wa namna hiyo Afrika Mashariki ni za kuhesabu. Humo wamo mbega wekundu ambao hawapatikani pengine duniani, na mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu ingawa babu zetu walikuwa wakimfukuza mashambani siku zote. Mkono wa kushoto ni miwa, mpunga, msitu wa Magombera, kisha tambarare ya mto Kilombero, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, makazi ya sheshe, mnyama wa jamii ya swala. Kati ya mlima na mto umebaki ukanda mwembamba, na ndani ya ukanda huo vimebanana vijiji, reli ya TAZARA na barabara. Baiskeli ndiyo mwenyeji wake. Ardhi ni tambarare kiasi kwamba jasho analotoka mtu linaletwa na joto, si mlima. Ifakara kila mtu anaendesha: mwalimu, muuguzi, mama mwenye debe la mchele nyuma na mtoto mbele.

Sasa wameanza kuonekana wageni wa aina nyingine, wenye mikoba pande zote mbili za baiskeli na hema juu ya keria. Wengi wanasafiri kati ya Dar es Salaam na nyanda za juu kusini, au wanakwenda mbali zaidi, Zambia na Malawi, na wamechoka kubanwa na malori ya barabara kuu ya TANZAM. Wanataka njia ya pembeni. Mtalii wa gari anafika Mang'ula, anapanda kuona maporomoko ya Sanje yenye mita 170, anashuka, anaondoka jioni ile ile. Huyu wa baiskeli hawezi kuondoka jioni. Lazima alale, ale ugali mara mbili, anunue ndizi, amtafute fundi wa kumzibia pancha. Fedha yake inaishia kwa mama ntilie na kwa fundi aliye chini ya mwembe. Mheshimiwa, hakuna hoteli ya kifahari inayohitajika hapo.

Tatizo la kwanza ni barabara yenyewe. Kilomita 66.9 za lami kutoka Kidatu hadi Ifakara tulizisubiri muda mrefu na tunazishukuru. Mgonjwa anafika hospitali akiwa hai. Ila zamani mashimo ndiyo yalikuwa trafiki wetu. Gari lilikwenda taratibu kwa sababu halikuwa na namna. Leo basi linapita kijijini kama halijaona nyumba, na trekta la miwa lenye matela mawili linapishana nalo. Angalia pia majira: kiangazi, kuanzia Juni, ndipo miwa inapovunwa kwa wingi na matela yanapojaa barabarani, na hicho hicho ndicho kipindi pekee ambacho msafiri wa baiskeli anaweza kuja, maana masika huku si ya mchezo. Pale vijijini ambapo bega la barabara lingemwokoa, bega limekuwa kijiwe cha bodaboda, pameanikwa mpunga, pamepangwa matenga ya nyanya. Siwalaumu wenye mpunga, hawana sakafu nyingine. Lakini mwanafunzi anayetoka shule anaingia katikati ya lami kuupisha mpunga, na nyuma yake kuna basi.

Wahandisi wanaweza kufikiri nje ya gari wakitaka. Barabara hii hii ina kivuko cha chini kilichojengwa kwa ajili ya tembo, ili ushoroba, yaani mapito ya wanyama, wa kutoka Udzungwa kuelekea Hifadhi ya Nyerere usizibwe. Nilifurahi kukiona. Kama tembo ameweza kuingizwa kwenye michoro, mama mwenye baiskeli naye anaingia. Mstari wa rangi, vibao, rasta kabla ya shule, na amri ya kweli ya kuacha mabega wazi: hayo ni mambo ya matengenezo ya kawaida ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa.

La pili ni njia za nyuma. Sambamba na lami zipo barabara za mashambani zinazounganisha vijiji: za wanakijiji upande wa mlima, na za mashamba ya miwa upande wa bonde, zinazofika karibu na Magombera. Ukizijua, unaweza kutoka Kidatu hadi Kiberege ukigusa lami mara chache. Usipozijua unaishia mtoni, au ndani ya miwa isiyo na mwisho, ambamo kila kona inafanana na ya jana. Zinahitaji vibao vya mbao vyenye jina la kijiji, kilomita zilizobaki, na mahali pa maji. Zinazopita kwenye mashamba ya kampuni zinahitaji makubaliano ya maandishi, na ofisi yako ndiyo inayoweza kuwaita wote kikaoni, kampuni, halmashauri, TFS wenye misitu na TANAPA wenye hifadhi za taifa. Kibao kimoja kisikosekane: karibu na ushoroba, hakuna kuendesha kabla ya jua kuchomoza wala baada ya kuzama. Tembo hasikii kengele.

Lakini utajiri wenyewe, Mheshimiwa, uko baada ya Ifakara, na huko ndiko ninakotamani ufike. Wengi wakitaja kusini mwa Ifakara wanafikiria Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililotuondolea pantoni, kisha Lupiro na mpando wa kwenda Mahenge, ambako boma la Wajerumani lilishambuliwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Njia nzuri kwa wenye mapaja. Mimi nakuomba ugeuke upande mwingine, ufuate mguu wa mlima kwenda Mbingu, Mngeta, Chita hadi Mlimba. Mto mmoja hauishi ndipo unaanza mwingine, Ruipa, Mngeta, Kihansi, yote ikitoka msituni juu na kukimbilia Kilombero. Na Kilombero huyo ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya maji yanayofika kwenye bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji. Taa zinazowaka Dar es Salaam zina deni kwenye msitu huu. Kihansi penyewe pana kituo cha umeme cha megawati 180, na pana hadithi ya chura mdogo sana, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye ukungu wa maporomoko, akatoweka porini baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo, akaendelea kuzaliana kwenye bustani za wanyama Marekani huku nchi yake ikimtengenezea mvua ya bomba. Mgeni anaweza kuendesha siku nzima kwa ajili ya hadithi kama hiyo.

Na ukifika Mlimba huna haja ya kurudi ulikopita. Kuna reli. Ungependekeza mzunguko mzuri kuliko huo? Kwenda kwa baiskeli, kurudi kwa treni, mlima ule ule dirishani. Wakati huu TAZARA inapozungumziwa kufufuliwa, maneno yote ni ya shaba na makasha. Peleka ombi dogo la mkoa: nafasi ya baiskeli kwenye behewa la mizigo, nauli yake ijulikane na ibandikwe stesheni, isiwe ya kukadiriwa na anayekuona mgeni.

Kukadiria huko ndiko kunakonipeleka kwenye vibali. Msafiri wa njia hii anapita kwenye ardhi ya kijiji, ya halmashauri, ya misitu na ya hifadhi. Kila mwenye eneo ana haki ya kuuliza. Asichokuwa na haki nacho ni kubuni ada papo hapo. Kibali kimoja, namba moja ya malipo, mgawo wa kijiji ukisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Basi.

Nitasema na jambo ambalo wenzangu wa utalii hawatalipenda. Msiruhusu baiskeli ndani ya Hifadhi ya Udzungwa. Tangu ianzishwe mwaka 1992 imekuwa hifadhi ya kutembea kwa miguu, na ndiyo heshima yake. Vijia vyake ni vyembamba na vya mteremko. Matairi yatavigeuza mifereji mvua ya kwanza tu. Mlima utazamwe kutoka chini, anayetaka kupanda aiache baiskeli getini.

Jambo lenyewe gumu nimelibakiza. Mwaka 2011 wanakijiji walikatazwa kuokota kuni ndani ya hifadhi. Sababu nazielewa, na msitu umenufaika. Tangu hapo mwanamke wa hapa anafuata kuni mbali, na baiskeli yake ndiyo mgongo wake wa pili. Akisimamishwa, anaulizwa mzigo umetoka wapi, na baiskeli inaweza kubaki kwa aliyemsimamisha. Sasa fikiria kesho tumeweka vibao vizuri vya rangi, mgeni anapita anapungiwa mkono, na nyuma yake mama yule yule, kwenye njia ile ile iliyochongwa na miguu ya bibi zake, anashushwa. Mpango ukiwa wa namna hiyo, heri usiwepo. Utaratibu wa njia hizi uandikwe kwamba mtumiaji wa kwanza ni mwanakijiji, mzigo wa kuni za shambani una ruhusa, na baiskeli haichukuliwi bila stakabadhi na maelezo ofisini kwa mtendaji. Sehemu ya mapato iende kwenye miti ya kuni na majiko banifu.

Kikao cha Bodi ya Barabara kinapoitishwa, naomba meneja wa TANROADS na meneja wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waulizwe swali moja: kwenye bajeti ya matengenezo, baiskeli ina mstari wake? Na kabla ya kikao, njoo uendeshe nasi kutoka Sanje hadi Mang'ula asubuhi moja ya Julai. Baiskeli ya kukuazima ipo, breki zake nimezikagua mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwendesha baiskeli na mwongoza wageni,
Mang'ula, Kilombero