Asidi ya damu si uchafu wa kusafishwa kwa soda

Mhariri,

Wanaokimbia mchangani Shela na waogeleaji wanaojiandaa kwa mashindano ya Maulidi huambiwa kwamba asidi inayojaa damuni mtu akikaza mwendo ni uchafu, na kwamba bekingi soda inywewe kabla ya kila zoezi iuondoe. Soda huipunguza kweli. Makosa ni hayo ya "kila zoezi".

Damu ya mtu aliyetulia ina pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya 7.4 hivi. Ikishuka hadi 7.1 baada ya mbio kali, asidi imeshakuwa maradufu, maana kipimo hiki hakihesabiwi kama rula. Hali hiyo ni mojawapo ya ishara zinazoifanya tezi ya pituitari, chini ya ubongo, imwage homoni ya ukuaji, ambayo kilele chake huja dakika kadhaa baada ya mtu kuacha zoezi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1994 liliwakanyagisha watu baiskeli kwa sekunde 90: walipokunywa soda, homoni hiyo ilipanda kwa uchache kuliko walipokunywa kinywaji kisicho nayo.

Tusitie chumvi lakini (chumvi tutaifikia). Kupanda huko kwa homoni kwa muda mfupi hakujathibitishwa kuwa ndiko kunakojenga misuli. Hata hivyo, kuzima ishara ya mwili kila siku bila sababu ni ushauri mbovu.

Soda ina kazi siku ya shindano la dakika moja hadi kumi. Kipimo ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 atatumia gramu 18, kama vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Avikoroge kwenye maji mengi, anywe kidogo kidogo pamoja na mkate, amalize saa moja au mbili kabla. Akiigugumia mara moja, gesi humfura tumboni na kuhara hufuata. Ndani yake mna karibu gramu 5 za sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, kwa hiyo mwenye presha au maradhi ya figo asiiguse. Bekin pauda haifai, ina asidi yake yenyewe. Magadi ya kupikia maharagwe ni makali zaidi, huunguza koo.

Mwogeleaji aijaribu kwanza siku ya mazoezi, tena nchi kavu. Tumbo likichafuka katikati ya mkondo wa Manda, hakuna choo.

Wakufunzi wa riadha na kuogelea,
Lamu